Kiti Kisichopokea Shikamoo

Siku ya kuniaga kazini, mkuu wa idara alisimama na gilasi ya juisi mkononi akasema kwamba Mwanaidi amewatumikia watu wa mtaa wa Lozells kwa moyo wote, akiwafundisha Kiingereza. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na keki mdomoni, ndiyo maana hakusikia jibu langu. Jamani! Sikufundisha Kiingereza hata siku moja. Kiingereza changu mwenyewe bado kina lafudhi ya Tanga na sina mpango wa kuibadilisha. Nilifundisha fikra za Wagiriki wa kale: wema ni nini, hekima ni nini, na katika haya tunayoyaona kila siku, lipi ni la kweli. Niliyafundisha kwa Kiswahili, Jumamosi asubuhi, kwa watu wazima wenye watoto na wajukuu, katika ukumbi ulio nyuma ya duka la mboga. Mtu mzima na akili zake anasimama mbele za watu, anaifuta kazi ya maisha yangu kwa sentensi moja, halafu ananikabidhi shada la maua!

Basi nimeamua kuandika, kwa ajili yenu vijana mnaoanza kufundisha watu wazima. Vyeo sitavitaja, maana sikuwa navyo, na mshahara ni siri yangu na benki. Nitasema yale ambayo hamtaambiwa kwenye semina. Sauti yangu ikipanda mnivumilie. Mimi nimestaafu, hasira yangu bado iko kazini.

Nilifika Birmingham miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, nimemfuata mume. Nyumbani nilikuwa nikifundisha falsafa chuoni. Nikaenda ofisi ya elimu ya watu wazima, nikaulizwa ninaweza kufundisha nini. Nikasema, fikra za Wagiriki wa kale. Yule dada wa ofisini akanitabasamia vile mtu anavyomtabasamia mtoto aliyesema atakuwa rubani. “Na kupika, je?” akaniuliza. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo alivyoniuliza. Nikamwambia kupika najua, lakini huwapikia watu ninaowapenda.

Aliyeniokoa ni Denis, mwalimu wa historia, mzee wa Kizungu mzaliwa wa Aston, aliyevaa sweta lililotoboka viwiko majira yote. Alikuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake. Akamwambia yule dada, “Mpe Jumamosi. Jumamosi hakuna anayezitaka.” Ndivyo nilivyopata kazi. Tulipotoka nje akanipa fundisho la kwanza, na mpaka leo sijapata lililo bora: “Uliza, halafu nyamaza. Ukimya ukikuuma, uache uume.”

Nikaandika tangazo: Mtu mwema ni mtu wa namna gani? Njoo tubishane kwa Kiswahili. Chai ipo. Nikalibandika kwenye maduka ya Lozells, yale tuliyokuwa tukinunua mchele na kadi za kupigia simu nyumbani, nikalipeleka msikitini, nikalipeleka na kwenye kanisa la Perry Barr walikokuwa wakisali Wakenya. Nadhani iliyowaleta ni chai.

Katika waliokuja, watatu ndio mtakaowahitaji kwenye habari hii. Mzee Khalfan alikuwa Mzanzibari, mfanyabiashara tangu ujana wake, na lile duka la mboga mbele ya ukumbi lilikuwa la kwake. Alikuwa na wajukuu waliomsikia Kiswahili wakamjibu Kiingereza, na nadhani alikuja ili apate watu wa kumjibu. Papa Kabeya alikuwa fundi cherehani kutoka Kongo, mpole, mwenye kuchanganya Kifaransa kila alipopandwa na hisia. Na Njeri alikuwa binti wa Nakuru, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, mdogo kuliko wote mle ndani. Alikuwa akija moja kwa moja kutoka shifti, na sare yake bado mwilini, anasinzia mpaka chai imfikie.

Sasa sikilizeni shida niliyoipata, maana haimo kwenye vitabu vya ualimu. Wale wanafalsafa majina yao sikuyataja darasani, na hata hapa sitayataja. Sababu nitaisema. Wa kwanza nilimwita Muulizaji. Alikuwa akizunguka sokoni Athene, peku, anawauliza wakubwa wanaojiona wanajua. Unasema wewe ni shujaa, ushujaa ni nini? Unasema wewe ni mcha Mungu, ucha Mungu ni nini? Kila jibu analigeuza, analiuliza tena, mpaka mkubwa anabaki hana la kusema. Mji ukamchoka, ukamnywesha sumu. Nami nikataka kufundisha kwa mtindo wake. Jumamosi ya kwanza nikauliza, “Ushujaa ni nini?” kisha nikanyamaza kama nilivyoagizwa na Denis.

Mzee Khalfan akajikohoza. “Ushujaa ni kusimama pale ulipowekwa, usikimbie.”

“Naam,” wakasema wote. “Mzee amesema.”

Nikauliza kama kuna mwenye wazo tofauti. Wakanitazama kama vile nimewaomba wamvue mzee kofia. Nikamgeukia Njeri. Akasema, “Mwalimu, si ashasema?” Somo likaishia hapo, tukanywa chai, tukazungumzia bei ya viazi. Jumamosi iliyofuata nikauliza hekima ni nini. Mzee Khalfan akajikohoza tena. Naam, mzee amesema. Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Watu wamevuka bahari, wamevumilia baridi, wanabishana na madereva wa basi na walimu wa watoto wao, lakini akisema mwenye mvi, kila mdomo unafungwa! Yule Muulizaji angezaliwa kwetu asingehitaji sumu. Angekufa kwa upweke.

Na ndiyo sababu ya kutotaja majina. Ukishamwambia mtu kwamba maneno haya ni ya fulani, mkubwa wa wakubwa, anasomwa dunia nzima, anafunga mdomo vilevile anavyomfungia Mzee Khalfan. Kwa hiyo tulikuwa na Muulizaji. Tulikuwa na mwanafunzi wake, Mtu wa Pango, aliyesema kwamba wengi wetu tumefungwa ndani ya pango tunatazama vivuli ukutani na kudhani ndivyo vitu vyenyewe. Na tulikuwa na mwanafunzi wa mwanafunzi, Mpimaji, aliyesema kila wema umesimama kati ya kasoro mbili, kama ukarimu ulivyo kati ya uchoyo na ufujaji. Mtu alikuwa huru kusema, “Huyu Mpimaji wenu kachemsha,” na walisema.

Lakini Mzee Khalfan hakuwa Mgiriki wa kale. Alikuwa amekaa hapo, na juu ya hayo alikuwa akituletea maandazi. Nikamwendea Denis nimekata tamaa. Nikamwambia watu wangu wana adabu mno, hawafundishiki. Akakasirika, mara pekee niliyomwona amekasirika. “Usipigane na adabu yao,” akasema. “Itafutie mahali pa kukaa wakati mnafanya kazi, kisha irudi.”

Ndipo nikakichukua kile kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki cha buluu chenye ufa mgongoni, hakuna aliyekitaka kwa sababu kilikuwa kinafinya. Nikakiweka mbele, nikatangaza sheria. Anayekikalia hana umri. Hapewi shikamoo, haitwi mzee wala binti, anaulizwa lolote, na anajibu kwa yale anayoyaona yeye, asiseme watu husema. Akiinuka, umri wake unarudi, na wote walio wadogo kwake wanamwamkia upya, mmoja mmoja. Njeri alicheka sana. “Kwetu Nakuru tunaambiana habari tu,” akasema. “Hii shikamoo nitaisomea wapi?” Mzee Khalfan akamfundisha hapohapo, naye akaipenda, akawa anaitoa kwa fujo kuliko sisi watu wa pwani.

Nilidhani mzee atakataa kukaa. Alikishika kiti, akakitikisa kuona kama kitamhimili, akakaa, akavuta kanzu magotini. “Haya,” akasema. “Ushujaa ni kusimama pale ulipowekwa.”

Ukimya ukauma. Nikauacha. Hatimaye Njeri akasema, bila kuinua macho, “Na mwenye kukimbia na mtoto mgongoni? Huyo ni mwoga?”

“Huyo... huyo ana sababu.”

“Na aliyewekwa mahali pabaya? Amewekwa na mwizi alinde mali ya wizi, akasimama, hakukimbia?”

Mzee akatutazama mmoja mmoja, kisha akaangua kicheko. “Lo! Binti, leo umeniumbua!” Alipoinuka tulimwamkia kwa zamu, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, na naapa alikuwa ameongezeka kimo. Tangu siku ile hakuna aliyekosa Jumamosi, hata siku za mechi ya Aston ambapo mabasi yanajaa mashabiki asubuhi asubuhi.

Miaka ikaenda hivyo. Nikipewa nafasi ningewasimulia mabishano yote, ya Papa Kabeya aliyesema hekima ni kujua kitambaa gani usikikate, na ya siku tuliyoulizana kama mtu anaweza kutenda ubaya huku anajua kuwa ni ubaya. Lakini niliyekaa kuyaandika haya nina jambo moja moyoni, nalo linamhusu Njeri.

Lilianza Jumamosi baada ya somo la pango. Niliwaeleza vile vivuli, na jinsi mmoja anavyofunguliwa, anatoka nje, jua linamuumiza macho, na akirudi kuwaambia wenzake, wanamwona kichaa. Watu wakacheka, wakatoa mifano ya televisheni. Njeri hakucheka. Wiki iliyofuata aliingia, hakungoja chai, akakaa kwenye kile kiti bila kuitwa.

“Mwalimu, hiyo pango yenu mimi nafanya kazi ndani yake,” akasema.

Akatueleza. Pale kazini kwake chini kulikuwa na sebule. Maua, zulia, wazee wamechanwa nywele wamepangwa mbele ya televisheni. Mgeni akija anaonyeshwa sebule. Juu kulikuwa na bibi mmoja asiyeweza kugeuka mwenyewe kitandani. Njeri alimwita cucu, kama wanavyoita bibi kwao Kikuyuni. Mgongo wake ulikuwa umeota vidonda kwa kulala upande mmoja. Kengele yake ya kuita wahudumu ilikuwa imesogezwa mbali ili asisumbue. Njeri alikuwa akiirudisha kila akiingia, na kila akirudi shifti nyingine anaikuta imesogezwa tena. Maji ya kunywa yalikuwa mezani, mahali ambapo mkono wa cucu haufiki.

“Si wakaguzi waje waone?” akauliza Papa Kabeya.

“Walikuja,” akasema Njeri. “Juzi. Mmoja alikutana na mimi kwenye ngazi. Akaniuliza, mambo yakoje huko juu? Nikamwambia, nzuri.”

Na darasa zima likaelewa kabla hajaendelea, nikaona watu wanashika vichwa. Mnaofundisha watu ambao si wa kwenu, lisikieni hili vizuri. Sisi mtu akituuliza habari, tunaanza na nzuri. Hata kama umetoka kuzika, unasema nzuri, kwa sababu kumtupia mtu msiba usoni kabla hajakaa ni kukosa malezi. Unasema nzuri, unavuta pumzi, kisha unasema ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila mama ametutoka. Kila Mswahili anajua kwamba habari yenyewe iko baada ya ila, na anaingoja. Yule mkaguzi hakuwa Mswahili. Alisikia nzuri, akashukuru, akashuka ngazi. Ila ya Njeri ikabaki kooni.

“Aki nilikuwa naenda kusema,” akasema. “Nilikuwa nishafungua mdomo. Nikabaki naangalia mgongo wake akishuka. Na jioni meneja akanishika bega, akaniambia asante kwa ushirikiano.” Akaanza kulia. “Sasa wanasema kila kitu kiko sawa. Na ni mimi nilisema.”

Mlango ukafunguliwa hapohapo, akaingia Bi Helen, meneja wangu mpya, aliyekuwa ameahidi kuja kuangalia darasa. Hakujua neno la Kiswahili. Akaketi nyuma, akakunja nne, akatazama. Nami sikulisimamisha somo. Sijutii.

Mzee Khalfan akasogeza kiti chake mbele. Hakumwita binti, maana Njeri alikuwa kwenye kile kiti. “Ulipojibu nzuri, ulikuwa unamjibu nani?”

“Yule mkaguzi.”

“Na kule juu, nani alikuwa anangoja jibu?”

“Cucu.”

“Yeye ulimjibu nini?”

Njeri akafuta pua kwa mkono wa sare. “Nilikuwa na adabu tu.”

“Adabu kwa nani?”

Papa Kabeya hakuvumilia. “Basi, muache mtoto! Miye naona hivi. Kibali yake ya kazi imefungwa kwa ile nyumba. Akisema, watamufukuza, na akifukuzwa hana kibali, ataenda aéroport arudishwe kwao. Mpimaji alisema tushike katikati. Angoje kwanza apate karatasi ya kudumu, kisha aseme. C'est simple.”

Hapo nikapandwa na hasira, nami ndiye mwalimu niliyeagizwa kunyamaza. Nikawaambia huo ndio ujinga unaomfuata Mpimaji kila mahali. Katikati yake si nusu ya kila kitu! Woga uko huku, ukichaa wa kujitupa uko kule, na ushujaa uko kati yao, lakini kweli haina nusu. Ukimpa yule bibi nusu ya maji yake hujawa mtu wa kati, umekuwa mnyimaji. Papa Kabeya akainamisha kichwa, nikajua nimemwumiza, lakini alikuwa amenielewa. Baada ya hapo hakuna aliyemwambia tena Njeri la kufanya. Hiyo ilikuwa sheria nyingine ya kile kiti. Aliinuka, akatushika mikono sote, akaenda zake kulala.

Watu walipotoka Bi Helen akabaki. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba ameona msichana analia na mzee anambana kwa maswali, na kwamba hilo si somo. Akauliza wanafunzi wangu wataweza kufanya nini mwisho wa kozi ambacho hawakuweza mwanzo.

“Swali zuri,” nikamwambia. “Wagiriki walilikeshea. Je, wema unafundishika? Na ukifundishika, utajuaje kwamba mtu ameujua?”

Hakutabasamu. “Nilikuwa nauliza ujuzi gani, Mwanaidi. Watu hawa wanahitaji kazi.”

“Wote wana kazi. Huyo uliyemwona analia ametoka kazini sasa hivi.”

“Basi kazi nzuri zaidi. Tungeweza kugeuza kipindi hiki kiwe cha kuandika wasifu wa kuombea kazi.” Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, na upole ndio ulioniua: “Na kama ni falsafa, hawangependa kitu cha utamaduni wao?”

Loo! Sijui niliupata wapi uvumilivu wa kutomwaga chai. Nikamwambia kwamba kujiuliza kama umeishi vizuri si utamaduni wa mtu, ni wa kila mwenye roho. Nikamwambia kwamba wale Wagiriki hawakuzaliwa mtaani kwake pia, na hakuna aliyemwambia yeye awaachie wenyewe. Akasema atalifikiria. Mkisikia meneja anasema atalifikiria, vijana, jueni ameshaamua. Mwisho wa muhula ule darasa langu lilifungwa. Nikahamishiwa kusaidia watu kujaza maombi ya kazi kwa Kiingereza, na huko ndiko mkuu wa idara alikonikuta, akadhani nimezaliwa humo.

Kabla muhula haujaisha, Njeri aliwapigia simu wale wakaguzi mwenyewe. Sikumshauri, wala sikujua. Alitusimulia baadaye. Aliomba aje yuleyule wa mara ya kwanza, na walipokuja akamngoja kwenye ngazi ileile. Yule bwana akamwambia habari za leo, kwa tabasamu. Njeri akasema, “Leo sina salamu. Njoo juu.” Hakusema nzuri. Anasema ilimwuma kuliko alivyotarajia, kumjibu mtu mzima hivyo, mdomo ulikuwa unataka kuisema wenyewe. Akampeleka hadi chumbani, akamwonyesha kengele ilipo, akamwonyesha maji yalipo, kisha akamgeuza cucu kwa upole, akamwonyesha mgongo.

Yule bibi alipelekwa hospitali siku hiyohiyo. Alipona vidonda, akahamishiwa nyumba nyingine, na Njeri alimtembelea mara kadhaa akiwa na ndizi. Meneja wa ile nyumba aliondolewa. Hadi hapo mngesema mambo yamenyooka. Lakini waliobaki wakasema Njeri amevunja uaminifu kwa mwajiri, wakamwachisha kazi, na kibali kikaenda na kazi. Wakaguzi walimsifu kwa barua ya shukrani, na serikali ikamwambia aondoke nchini ndani ya miezi miwili. Nani aliyeitunga sheria kama hii? Mtu anafanya lile ambalo kila mhubiri, kila mwalimu, kila bango la ukutani mwa nyumba ile lilimwambia afanye, halafu hakuna mahali popote pa kulihesabu! Mzee Khalfan alitaka kumwajiri dukani. Akaambiwa kibali cha namna ile hakitolewi kwa kazi ya dukani. Akaenda tena, akaambiwa tena. Papa Kabeya alimshonea koti la safari, na alipokuwa anampima mabega alikuwa analia waziwazi, anasema alisema, yeye alisema watamufukuza.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya mwisho kwa wote, Njeri na darasa. Alikuja na begi lake, ndege ilikuwa alasiri. Hakuwa na sare, mara ya kwanza kumwona bila sare. Nikamwuliza anataka tuzungumze nini. Akaenda kwenye kile kiti cha buluu, akakaa.

“Niulizeni,” akasema.

Ukimya ukauma. Mzee Khalfan ndiye aliyeuvunja, akamrudishia lile swali la Jumamosi ya kwanza kabisa. “Ushujaa ni nini?”

Njeri akaweka kikombe chini. “Sijui,” akasema. “Nilikuwa nafikiri mtu akiwa nao haogopi. Mimi pale kwenye ngazi nilikuwa naogopa. Na saa hii naogopa. Sijui mama nitamwambia nini, alikuwa ameshawaambia majirani nitamjengea.”

“Unajuta?” akauliza Papa Kabeya.

“Hiyo pia sijui. Nikifika Nakuru nitawapigia niwaambie.” Akacheka kidogo. “Lakini maji ya cucu yako karibu sasa. Hiyo najua.”

Nikamwambia ainuke, muda wa ndege unakaribia. Akainuka, akanyoosha koti lake jipya, akajiandaa kutushika mikono kama kawaida, maana yeye ndiye mdogo wetu, na kwa sheria ya kile kiti hakuwa na mtu wa kumwamkia.

Mzee Khalfan akasimama. Alikuwa na maumivu ya goti siku zile, kusimama kulimchukua muda, na hakutaka kushikwa. Akavua kofia yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele za watu. Akamwendea yule binti aliyekuwa sawa na wajukuu zake, akainamisha kichwa.

“Shikamoo,” akasema.

Njeri akarudi nyuma mpaka mguu ukagonga kiti. “Mzee, hapana. Aki, usinifanyie hivyo.”

“Nimekuamkia,” akasema Mzee Khalfan, bado ameinama. “Mtu akiamkiwa huitikia.”

Njeri akanitazama mimi, kama anayeomba ruhusa. Nikamwashiria kwa kichwa aitikie.

“Marahaba,” akasema Njeri, na machozi yakamtoka. Mkuu wa idara akiwauliza tena Mwanaidi alifundisha nini Lozells, mwambieni hilo.